Risasi ya Tatu Haipandi

Jumatatu, 3 Machi

Leo mchana tumegawiwa magazini mpya za bastola, vile vibweta vya kujazia risasi. Haya! Moja kwa kila lindo, na letu ni mlango wa ghala la dawa. Bwana Stoo, mtunza silaha wetu, alikuwa na furaha utadhani anaoza binti. Za zamani alizikata kwa msumeno palepale mbele yetu, zisije zikaishia mikononi mwa wezi. Yetu ilikuwa imechubuka rangi, lakini haikuwahi kunisumbua hata siku moja. Nikamwambia nitaikumbuka. Akacheka — kipya kinyemi, dada! Dereva wa doria akamalizia: ingawa kidonda. Tukacheka sote.

Jumanne, 4 Machi

Sitaki kuandika hili. Lakini nisipoandika halitanitoka kichwani.

Asubuhi kabla ya kuingia lindoni nilikwenda kwenye pipa la mchanga, lile la kuelekezea mtutu tunapokagua silaha. Nikajaza risasi. Kukoki mara ya kwanza — imepanda. Ya pili — imepanda. Ya tatu, hola. Nikachomoa magazini, nikachungulia. Risasi zimelala chini, springi imekwama, haizisukumi. Nikaigonga kwenye kiganja, zikaruka juu. Nikarudia. Mbili zinapanda, ya tatu haipandi. Mara tano nimerudia! Jasho lilinitoka na jua hata halijachomoza.

Yaani nalinda ghala zima kwa risasi mbili.

Nikamwendea Bwana Stoo. Hata hakuishika. Mpya hiyo, italainika yenyewe. Kisha akashusha sauti: nikitaka kulalamika nijaze fomu, na anayelalamikia silaha anarudi getini mpaka fomu ijibiwe. Getini! Miaka sita nimeinama na kile kioo cha kuchungulia chini ya magari, mpaka leo mgongo unauma. Na watu watasema nini? Mwanamke kapewa bastola, wiki haijaisha kaiharibu.

Nimefyata mdomo.

Jumatano, 5 Machi

Saa nane mchana nilimkabidhi Redio. Bastola ni moja, zamu mbili: asubuhi mimi, mchana hadi saa nne usiku yeye. Redio ni mume wa mdogo wangu. Jina la utani kalipata kwa haki, tangu tumjue hajawahi kuzimwa. Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Lakini Redio akijua, ghala zima litajua kabla hajamaliza kufunga mkanda. Akaanza kunichekesha na buti zake zinazolia kama bata, nikacheka, nikashika kalamu. Kwenye kitabu cha makabidhiano nikaandika: Silaha sawa. Ndivyo tunavyoandika siku zote, wote, bila hata kusoma juu yake pameandikwa nini. Mkono uliandika wenyewe. Yeye akasaini chini.



Alhamisi, 6 Machi

Wamevamia ghala la matairi! Barabara ya nyuma yetu, mchana kweupe, watu wanne. Mlinzi kapigwa nondo, yuko hospitali.

Silaha sawa. Nimeandika tena.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita kwa mdogo wangu baada ya kazi. Mimba ina miezi minane, miguu imemvimba, hata ndala hazimwingii. Nilimkanda kwa maji ya uvuguvugu. Nikamuuliza kama habari za ghala la matairi zimemtisha. Akasema zingemtisha, ila baba mtoto kamtuliza: wamepewa vifaa vipya, asiwe na wasiwasi. Halafu akaniangalia. Eti ni kweli, dada? Nikasema kweli.

Nimemdanganya huku nimemshika miguu! Redio akipatwa na jambo pale mlangoni, mtoto yule nitamtazama kwa macho gani? Naogopa. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mficha uchi hazai. Kesho namwambia, na hiyo kazi potelea mbali.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia. Nilimvuta nyuma ya matangi ya maji, nikasema yote kwa pumzi moja: springi, mbili zinapanda, ya tatu haipandi, najua tangu Jumanne, nisamehe.

Redio akanyamaza. Redio! Nikajua nimekwisha.

Kisha akasema: shemeji, mimi najua tangu Jumatatu jioni.

Alijua kabla yangu! Aliikagua kwenye pipa lilelile, siku ileile tuliyopewa. Ila angesema, wangeuliza nani anaishika asubuhi, na vidole vyote vingenielekea mimi. Hakutaka nirudishwe getini. Kwa hiyo yeye alikuwa ananificha mimi ubovu, mimi namficha yeye. Siku tano tunapokezana bastola kiwete, tunatabasamiana, tunaandika sawa! Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Halafu kicheko kikakatika. Akasema tungekufa kijinga sana, shemeji. Nikakaa chini palepale kwenye tope.

Ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. Tumekubaliana siku hiyo naandika mimi kitabuni, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Wake hata mkewe anabahatisha.

Jumapili, 9 Machi

Pikipiki ilipunguza mwendo mbele ya mlango. Watu wawili. Nikaweka mkono kiunoni, nikahesabu moyoni: moja, mbili, basi. Walikuwa wanauliza njia.



Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya Mkuu wetu wa ulinzi.

Asubuhi niliandika kwa herufi kubwa: MAGAZINI MBOVU. RISASI YA TATU HAIPANDI. Bwana Stoo akasoma, akabadilika uso. Akaanza kufunua kurasa za nyuma. Sawa. Sawa. Sawa. Akauliza imeharibika lini, nikamwambia imekuja hivyo na yeye nilimwambia. Akasema hakumbuki. Anachokiona yeye ni sahihi, na sahihi ni zetu. Springi hata hakuitazama! Akabeba kitabu kwenda kwa Mkuu. Redio kaitwa kutoka nyumbani, kaja na shati la ndani.

Yuko ndani sasa. Mlango ni ubao mwembamba, na sauti ile mnaijua — namwambia nani, sijui. Nasikia kila kitu. Anasema alijua peke yake. Anasema shemeji hakujua lolote mpaka leo asubuhi, alikuwa anafuata tu alichoandika yeye. Mwongo! Mwongo mkubwa, na mtoto anakuja mwezi ujao! Mkuu anasema mlinzi aliyejua akasaini hana kazi hapa, hata awe nani.

Nikimuunga mkono, mdogo wangu anajifungua mume hana kazi. Nikimkanusha, tunatoka wawili.

Nimemuuliza karani wa Mkuu, mlangoni kwa sasa yuko nani. Bila kuinua macho akasema yule mzee wa getini, kashikizwa kwa muda. Na bastola gani? Hiyohiyo, dada, nyingine itoke wapi? Nikauliza, na magazini? Akasema mambo ya silaha yeye hayajui, ila mzee kapokea vizuri tu, kila kitu kiko kitabuni. Kitabu kilikuwa kimeshatoka kwa Mkuu, kiko mezani kwake; akanigeuzia nione. Wino bado unang'aa. Chini ya herufi zangu kubwa, kwa mwandiko wa mtu asiyesoma cha juu yake: Silaha sawa.

Mzee wa watu! Hata pipani hajaenda. Dirishani namwona, kanyoosha mgongo, kavaa mkanda wetu, anafurahia kivuli.

Redio ametoka. Hanitazami. Mkuu ananiita.

Nianze na lipi?