Mama Nyuma ya Mstari wa Njano

Jumatatu, 3 Machi

Mama amechaguliwa! Yaani — karibu achaguliwe. Hospitalini wanafungua kitengo kipya. Mgonjwa wa tezi ya shingo anameza dawa yenye mionzi, kisha anakaa peke yake chumbani siku chache mpaka mionzi ipungue mwilini. Wanatafuta wauguzi wa kitengo hicho. Kwanza mafunzo ya usalama wa mionzi, pamoja na watu wa maabara za chuo kikuu, halafu mtihani.

Akifaulu ni zamu za mchana tu! Tangu niingie sekondari Mama ni wa usiku. Tunapishana kwenye ngazi asubuhi, yeye anapanda na viatu mkononi, mimi nashuka na begi. "Umekula?" "Nimekula." Mazungumzo yetu ndiyo hayo.

Mjomba aliposikia akasogeza kiti chake mbali na Mama. Ati akianza kung'aa gizani tutapumzika kununua balbu. Bibi kamwuliza ni lini yeye aliwahi kuleta balbu humu ndani, hata iliyoungua. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Jumatano, 5 Machi

Mama ananipa makaratasi ya mafunzo nimsomee kwa sauti, maana akisoma mwenyewe anasinzia. Nimeyasoma yote, kisha nikarudia. Matamu! Kujikinga kuna mambo matatu: kaa muda mfupi, simama mbali, weka kinga katikati. Na hili la umbali — ukisimama mbali mara mbili, mionzi inayokufikia haibaki nusu. Inabaki robo! Nikawaeleza mezani, nikijichorea kwa kijiko kwenye kitambaa.

Mjomba akasema sasa ameelewa kwa nini akihamia chumba cha pili kelele za Bibi zinabaki robo. Kandambili ya Bibi ikamfikia nzima.

Mkufunzi wao ni mama mmoja mfupi wa chuo kikuu. Wamempa jina la Bi Umbali, maana hamalizi sentensi bila kusema, "Umbali, jamani, umbali." Leo kamsema kijana wa maabara aliyefua koti lake na beji ya kupima mionzi ikiwa mfukoni. Beji imetoka inanukia sabuni, na haina la kueleza.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amefeli.

Si maswali ya kuandika. Hayo amepata karibu yote. Amefeli vitendo. Yule kijana wa beji alilala kitandani akawa mgonjwa, na sakafuni kuna mstari wa njano. Muuguzi anasimama nyuma ya mstari, anauliza hali, anaacha maji kwenye meza ndogo, anatoka upesi. Basi. Mama kaanza vizuri kabisa. Mgonjwa akakohoa — naye Mama akavuka mstari, akaketi kitandani, akamsugua mgongo na kumwuliza watoto hawajambo!

Bi Umbali akasimamisha saa yake. "Dada, mionzi yote hiyo umeila kwa ajili ya watoto ambao huyu hana. Hata mchumba hana."

Wenzake walicheka, na Mama akacheka nao. Lakini nyumbani kavua viatu akakaa navyo mapajani, hakuviweka chini.

"Miguu inakwenda yenyewe," kaniambia. "Maisha yangu yote nawafundisha wanafunzi wa uuguzi: msogelee mgonjwa, mshike. Leo naambiwa simama kule."

Atarudia Jumamosi ya wiki ijayo. Nafasi moja tu. Akikosa, anachukuliwa mwingine, naye anarudi usiku.

Jumapili, 9 Machi

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu!

Nimebandika mstari wa njano sebuleni, utepe wa kufungia maboksi. Bibi ndiye mgonjwa. Kajinyoosha kwenye kochi, kajifunika mpaka kidevuni, na kanogewa mno. Mjomba ndiye mashine ya kupima mionzi. Mama akiwa mbali anasema tik... tik... Mama akisogea anaenda mbio, tik-tik-tik-tik, mpaka anatoa macho.

Mama akavuka. Tukarudia, akavuka tena. Safari nyingine Bibi aliguna tu kidogo, na Mama huyo, keshafika. Mjomba kaishiwa pumzi. "Dada, utaniua mimi kabla ya mionzi!"

Bibi naye hakusaidia. "Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananiuguza kutoka mlangoni, kama mgeni ambaye hajakaribishwa?"

Nikakaa nikafikiri. Mama anajua kubembeleza kwa mikono. Mikono ina urefu wake, lakini sauti inafika kokote na hainasi mionzi. Nikasema hivyo, nikiangalia sakafu. Mama akarudi nyuma ya mstari, akafumbata mikono nyuma, akamwuliza Bibi nyonga imeamkaje, na yule rafiki yake wa kwaya bado anaimba kama anakabwa? Bibi akaanza kueleza na hakukoma. Mama akajibu, akatania, akaweka maji, akatoka.

Miguu ilitulia! Mashine yetu ilisema tik moja tu, ikapiga makofi.

Jumanne, 11 Machi

Leo Bibi alisinzia katikati ya kuugua, ikabidi mimi nishike nafasi yake. Hapo ndipo tatizo jipya likajitokeza. Mimi.

"Sikusikii," kasema Mama. Nikarudia. "Sikusikii, mwanangu. Unaongea na kidevu chako."

Hata shuleni wananiambia hivyo. Lakini Mama akaeleza kwamba mgonjwa akinong'ona, muuguzi anasogea. Kwa hiyo nikinong'ona nitamvuta avuke. Sikuwahi kuiona sauti yangu hivyo, kama kitu kinachoweza kumdhuru au kumkinga mtu.

Nikajaza kifua. "NINA KIU!"

Jirani akabisha hodi na jagi la maji. Jamani! Aibu niliyoona — lakini Mama alikaa chini kabisa kwa kicheko, na jirani akabaki kutazama zoezi.

Alipoondoka tukaendelea, Mama mlangoni, mimi kwenye kochi. Nikamweleza kitabu ninachosoma. Nikamweleza kuwa rafiki yangu amehama dawati na sijui nimemkosea nini. Yote kwa sauti kubwa! Naye kaniambia shuleni alipenda fizikia kuliko somo lolote. Sikujua. Mjomba akachungulia kuuliza mkutano wa hadhara unaisha saa ngapi.

Alhamisi, 13 Machi

Bi Umbali ameamua mgonjwa wa Jumamosi awe ndugu wa anayepimwa. Kasema kwa mtu baki kila mtu anaweza umbali.

Mama hakuniomba. Aliniangalia tu.

Chumba kizima cha watu wazima! Nimesema ndiyo.

Ijumaa, 14 Machi

Mama hakula. Mimi sikula. Bibi amekula vya wote, ati ndiye mgonjwa mwenye uzoefu.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa kitandani, chumba cha mazoezi, kuta nyeupe, skrini nzito ya madini ya risasi pembeni. Nimeruhusiwa daftari. Bi Umbali anasema kama dawa ingekuwa ya kweli, daftari hili lingebaki humu nami mpaka lipimwe. Amekaa kwenye kona na saa yake.

Kabla Mama hajaitwa, Bi Umbali aliniinamia. Kuna sehemu yangu ambayo Mama haijui. Akishaweka maji, nimwambie naogopa. Nimwombe aje akae nami. "Useme kama unavyosema kweli," kanong'ona.

Siwezi kumwonya. Na shida ni kwamba sitahitaji kuigiza.

Mlango. Ameingia! Beji kifuani, glavu, kofia imekaa upande. Yuko nyuma ya mstari. Kauliza nimelalaje, nikajibu kwa sauti mpaka Bi Umbali akainua kichwa. Maji ameweka. Anageuka aondoke. Sasa.

Nimesema. "Mama, naogopa. Njoo ukae na mimi kidogo." Sikunong'ona, lakini mwishoni sauti ilikatika.

Mguu wake umeinuka. Uko hewani, juu ya njano kabisa. Bi Umbali ameshika kalamu.

Ameurudisha! Amechutama palepale, nyuma ya mstari, macho yetu yamelingana. Uso wake umekunjamana.

"Niko hapa," anasema. "Nakuona. Unaogopa nini?"

Jibu la kweli ni refu, na saa inakwenda. Mama hachungulii saa. Akiachwa atakaa hapo mpaka kesho.

"Nitakuambia jioni!" nimesema, kwa sauti iliyogonga ukuta.

Amecheka. Anainuka, anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, bado ananitazama. Bi Umbali anaandika kitu, anaandika kirefu, na mkono wake umeziba karatasi, sioni ameandika nini. Lakini mstari Mama hajauvuka!