Muuaji Simjui Bado

Wifi,

Baba yako ameshakunywa dawa. Chai iko kwenye chupa. Atataka kusomewa.

Kitabu cha mapenzi usikiguse, yule binti analia mpaka kurasa zinalowa. Cha safari kimetiwa chumvi lakini kinachekesha. Cha upelelezi ndicho kitamu. Muuaji nadhani ni daktari. Nadhani tu, maana baba husinzia katikati, na akiamka lazima nianze upya. Tangu niolewe humu sijamaliza kitabu hata kimoja.

Leo asubuhi hicho cha upelelezi kilibaki kurasa chache. Akafumbua macho: "Rudia mwanzo, mwanangu, nilipitiwa na usingizi."

Nikarudia. Kisha nikavaa viatu.

Nimeondoka nacho. ~~Nitarudi mchana.~~ Nitarudi nikishamjua muuaji.

Na leo nasoma polepole.

Mke wa kaka yako