Zote Zinaingia

Jumanne, magaribi

Sauti imekwisha tena, na kesho niko na saa tano za kufundisha.

Nilishawaambia watoto kama karte, ile ramani ya mu darasa, inatudanganya, Afrika iko kubwa kupita vile wanaichora. Leo nikaleta inchi nilizokata kwa karatasi, China, India, Amerika, sehemu kubwa ya Ulaya, nikazibandika moja moja ndani ya Afrika ya ile karte. "Muone, zote zinaingia." Nilijua watashangaa.

Furaha akainua mukono. Wazazi wake walitoka Luhwindja wakati shamba lao liligeuka shimo la dhahabu. Hapa mujini wanalala watu saba mu chumba kimoja.

"Mwalimu, zote zikiingia, sisi tutakaa wapi?"



Ningemujibu kama ni kupima ukubwa tu, hakuna mutu anakuja. Lakini nilichoka hata kabla ya kufungua kinywa. Hakuna mutu anakuja, kweli?

Nikaanza kubandua zile karatasi. Ya mwisho ilishikwa sana na gundi. Nilipoivuta, ikatoka na Kivu, kwetu hapa.