Jokofu Lilikuwa Limeshazimika

Chumba Na. 4, Ghorofa ya Pili,
Mtaa wa Mafundi Viatu.
14 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limekubali kupanda ngazi bila kunung'unika. Sisi huku hatujambo. Baba watoto anahangaika na mabomba ya watu huku la jikoni kwetu linavuja. Ukimwuliza anakujibu kwamba mganga hajigangi. Binti yetu kitindamimba yuko kidato cha pili na amenipita urefu, kwa hiyo nikitaka kumgombeza inabidi kwanza nimwambie akae.

Najua una kinyongo nami kwa kukaa miezi minne bila kukuandikia, na ni haki yako. Nilikuwa nimesimamishwa kazi, Mama Mdogo. Sikutaka habari hiyo ikufikie ikiwa nusu, ukakosa usingizi bure. Sasa mwisho wake umejulikana. Kaa vizuri nikusimulie.

Mwaka wa kumi na tisa huu natunza ghala la dawa pale hospitalini. Jumatatu moja ya mwezi wa pili niliingia kazini saa moja asubuhi, nikafungua jokofu kubwa la chanjo, nikakuta kimya. Halingurumi, taa haiwaki, barafu yote imekuwa maji na maji yamefika mlangoni. Chanjo za watoto za mwezi mzima zimeharibika. Kile kifaa kinachoandika joto kila saa kilikuwa kwa fundi wiki ya pili, kwa hiyo hapakuwa na mashine ya kusema jokofu lilizimika lini. Palikuwa na mdomo wangu tu.

Nilimpigia simu mfamasia mkuu, akaja mbio, akaniambia niandike taarifa kabla ya saa nne. Taarifa za pale huandikwa kwa Kiingereza. Nawe unanijua, Kiingereza changu ni cha lebo za dawa. Nipe chupa yoyote nitakusomea, lakini ukinipa karatasi tupu jasho linanitoka.

Nikaokoteza maneno, na kwa lugha yetu yalikuwa haya: Nilifungua mlango. Jokofu lilizimika. Barafu iliyeyuka. Nilimpigia simu mfamasia.

Kwangu hiyo ilikuwa kweli tupu. Lakini waliosoma kule juu walielewa kwamba nilifungua mlango, ndipo jokofu likazimika, ndipo barafu ikayeyuka. Yaani mkono wangu ndio ulioharibu. Siku ya tatu nikapewa barua: nikae nyumbani hadi kamati itakaponiita nieleze nililifanya nini jokofu.

Nililia. Si kwa sababu ya kazi peke yake. Kilichoniuma ni kwamba karatasi ya kunishtaki niliiandika mwenyewe, na sahihi ilikuwa yangu.

Ghorofa ya chini yetu anaishi mwalimu mstaafu, mama mmoja mwembamba ambaye jengo zima tunamwita Mwalimu Koma, kwa kuwa hata akikutumia ujumbe wa kuomba chumvi, koma zote ziko mahali pake. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi na nakala ya ile taarifa, akaomba aione. Alisoma mara moja tu, akavua miwani.

"Nani alitangulia?" akaniuliza. "Wewe kufungua mlango, au jokofu kuzimika?"

"Jokofu, Mwalimu. Mimi nilikuta tu."

"Basi hapa hukusema hivyo. Hapa umetangulia wewe."

Kuanzia siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, kila saa kumi jioni, mezani kwake jikoni. Alinionyesha kwamba sisi tukisema "nilipofika, lilikuwa limeshazimika," hata mtoto anajua kipi kilianza. Waingereza nao wana njia yao: wanatia "had", na tendo lililotangulia linarudi nyuma likakae linapostahili. Neno la herufi tatu, Mama Mdogo! Neno la herufi tatu ndilo lililokuwa limenikalisha nyumbani.

Mwalimu hakutaka nikariri kama kasuku. Alitaka nitunge sentensi za mambo yangu mwenyewe, basi nyumba nzima ikageuka darasa. Nilipoamka, baba watoto alikuwa ameshaondoka. Nilipofika dukani, mkate ulikuwa umeshakwisha. Baba watoto naye akadakia: niliporudi kutoka kazini, mke wangu alikuwa amesahau kupika. Binti alicheka hadi akapaliwa na chai.

Usidhani ilikuwa rahisi. Nilipoijua "had", nikawa naimwaga kila mahali kama chumvi ya mpishi mgeni, hadi Mwalimu akasema, "Ukiwarudisha wote nyuma, nani atabaki mlangoni?" Jioni moja nilifunga daftari nikamwambia kichwa changu kimezeeka. Hakunibembeleza. Aliendelea kumenya viazi vyake, akasema, "Sawa. Basi ukawaambie kamati kwamba wewe ndiye uliyelizima." Nikafungua daftari tena.

Kamati ilikaa katikati ya mwezi wa tano. Watu watatu kwenye meza ndefu, na mfamasia mkuu pembeni, macho yake yametazama kalamu. Tangu nisimamishwe alikuwa hapokei simu zangu. Nilisoma taarifa mpya kwa Kiingereza hadi mwisho. Mwenyekiti, bwana mmoja mpole ambaye upole wake ulinitisha kuliko ukali, akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu.

"Ya kwanza inasema hivi, ya pili inasema vile," akasema. "Kwa nini tuiamini ya pili?"

Niliomba ruhusa nijibu kwa lugha yetu. Nikasema, "Ile ya kwanza niliiandika kabla sijajua kusema kwa Kiingereza kwamba jambo lilikuwa limeshatokea. Lakini barafu haihitaji Kiingereza. Tangu nifungue mlango hadi mfamasia mkuu kufika, hazikupita dakika kumi na tano. Muulizeni alikuta nini."

Wote wakamgeukia. Akaacha kuitazama ile kalamu.

"Nilikuta maji hadi mlangoni," akasema. "Pembeni yalikuwa yameanza kukauka, na vichupa vina joto. Haiwezekani jokofu liwe lilizimika asubuhi ile. Nilitakiwa niseme mapema. Niliogopa kuulizwa kwa nini kile kifaa cha joto kilikaa kwa fundi muda wote ule."

Mafundi wa umeme walipoitwa, wakakuta waya umeungua ndani ya ukuta. Jumatatu iliyofuata nikarudi kazini. Mfamasia mkuu alinisubiri mlangoni akaniomba radhi mbele ya wenzangu. Nimemsamehe, ingawa sikumaliza siku ileile.

Nilidhani masomo yamekwisha. Mwalimu Koma akaniambia nimejua kusema lililotangulia. Sasa nijue kusema lile ambalo, ikifika siku fulani, nitakuwa nimeshalimaliza. Kwa Kiingereza ni "will have". Akanipa kazi ya sentensi moja, ya kweli, inayonihusu. Niliandika kwamba kufikia mwisho wa mwezi nitakuwa nimehesabu makasha yote ya dawa. Akaikata kwa kalamu nyekundu. "Hii ni ya ghala," akasema. "Nataka ya kwako."

Ilinichukua siku tatu. Mwishowe niliandika hivi: Kufikia siku nitakayotimiza miaka hamsini na tano, nitakuwa nimemaliza kidato cha nne.

Mwalimu hakusahihisha kitu. Aliniuliza tu kama nimeandika au nimetania. Wiki iliyopita nilijiandikisha masomo ya jioni. Binti ameahidi kunirithisha vitabu vyake, na baba watoto anasema ataanza kujifunza kupika kwa kuwa sasa ni lazima.

Nakuambia wewe kwanza, kabla hata ya wadogo zangu, kwa sababu najua jambo unalolibeba. Uliponitoa shule nikusaidie kulea, mama alikuwa amefariki wiki sita tu kabla, nawe ulikuwa na mikono miwili na watoto watano wa kulisha. Umeniomba radhi mara mbili katika maisha haya, na mara zote mbili nilishindwa kukujibu kwa kilio. Leo nakujibu kwa wino: sikukudai kitu, wala leo sikudai. Ulinipa vyote ulivyokuwa navyo. Hiki kimoja kilichobaki, niachie nikichukue mwenyewe.

Nisalimie Mjomba Kimya, na umwambie salamu hujibiwa. Nisalimie wifi mshonaji na binamu Mrefu na mkewe. Baba watoto na binti wanakushika mkono.

Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akuzungushie watu wema.

Ni mimi mwana wa dada yako, nikupendaye kama aliyenizaa,

Kifunguamimba