Mheshimiwa Hajaulizwa Hata Swali Moja

Naryn, tarehe 9 Agosti

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko juu malishoni, na kwamba goti lako halikusumbui kama mwaka jana. Mama hajambo? Na maziwa ya farasi mwaka huu yamechachuka vizuri? Sisi huku mjini tu wazima wa mwili. Watoto wanakula, wanagombana, wanalala. Barua nimempa Kubanych wa lori la maziwa, kwa kuwa huko kwenu mtandao haushiki, na haya ninayotaka kukwambia siyo ya kutuma kwa mdomo wa mtu.

Mambo yenyewe yanamhusu Tologon, mwenyekiti wa baraza la mji wetu. Mwezi wa tano mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi ofisini kwake alipeleka malalamiko kwamba Mheshimiwa alimfungia mlango, akamshika, akamwambia mkataba wake utaongezwa akiwa msikivu. Alikataa, na mkataba ukakatwa. Baraza likaunda kamati ya kuchunguza, nami kama diwani nikachaguliwa. Nilijitoa siku hiyohiyo. Nilikuwa na sababu, nitakueleza kabla sijafunga barua. Tangu hapo nakaa kwenye viti vya wasikilizaji.

Unajua nani anaongoza kamati? Jumgalbek, ambaye dada yake ameolewa na Tologon. Nilipomwambia naye ajitoe alicheka, akasema mji wenyewe huu mdogo, dada, tukianza kujitoa kwa ajili ya undugu kamati itabaki na viti tu. Wenzake wakacheka naye. Kesi ya nyani, hakimu ngedere, halafu sisi tunaambiwa tuwe na subira.

Lakini nisiwe mwongo, hata wanaojiita wa upande wa mlalamikaji wamenichosha. Vijana wa chama pinzani wamebandika picha ya Tologon kila nguzo, chini wameandika "Mnyama", na kila kikao wanapiga kelele afukuzwe leoleo. Niliwaambia kwamba hata yeye ana haki ya kuelezwa anashtakiwa nini na kujibu. Binti mmoja akaniuliza, shangazi, wamekupa ngapi? Nilitamani kumzaba kofi. Mimi sitaki Tologon aondoke kwa kelele, kesho arudi akilia kwamba alionewa. Nataka akae kwenye kile kiti aulizwe nani alifunga mlango, na yule mwanamke asikilizwe mbele yake bila kuzomewa. Ni hilo tu. Miezi inakwenda na hakuna aliyemuuliza kitu. Mara umeme umekatika, mara Mheshimiwa ana presha, mara wajumbe wanawahi mazishi.

Juzi Jumgalbek akaingia anatabasamu. Akatangaza kwamba mambo yamekwisha kiungwana, familia ya mlalamikaji imesamehe. Akatoa simu ikapita mkono kwa mkono. Kwenye picha kulikuwa na mzee mbele ya hema, amevalishwa joho jipya la bluu, watu wa Tologon wamemzunguka, na kondoo yuko pembeni. Mila hii unaijua kuliko mimi, Baba. Mkosaji huwatuma watu wake na kondoo na joho kwa mkubwa wa aliyekosewa, na mzee akishalivaa na kumega mkate, neno limezikwa. Atakayelifukua ndiye anayepata aibu. Mjumbe mmoja akajipangusa uso kwa viganja, akashukuru. Wakakubaliana kwamba Alhamisi ijayo wapige kura ya kufunga faili.

Simu ikafika hadi viti vya nyuma nikaishika. Mzee yule ni wewe, Baba.

Kubanych alikuwa ameshanisimulia ulivyofurahi, kwamba wageni wa mjini wamepanda mlima wote ule kukushukuru kwa miaka uliyotibu mifugo ya wilaya. Kwetu joho la heshima na joho la msamaha ni lilelile. Tofauti iko katika maneno yanayosemwa wakati wa kuvisha, na kwenye picha maneno hayasikiki. Hukukosea kulivaa. Nani humrudishia mgeni joho? Walijua hutaweza, ndiyo maana wakaja kwa njia hiyo.

Na mwanamke yule ni Burulai, mwanao wa mwisho. Kamati ilikatazwa kulitaja jina lake hadharani, naye akaniapisha nisikwambie, kwa kuuhofia moyo wako na kuiogopa midomo ya jamaa. Hii ndiyo sababu ya mimi kujitoa. Leo nakivunja kiapo chake na sijutii.

Nina hasira, Baba, tena nyingi. Hata hivyo sikuombi umwite Tologon mkosaji. Hilo halijathibitishwa, na kuthibitisha ni kazi ya kamati. Sikuombi hata urudishe joho. Naomba ushuke na lori la Jumatano, na Alhamisi usimame mbele yao uwaambie ulichoelezwa siku ile na ambacho hukuelezwa. Jumgalbek atakunong'oneza kwamba mzee, ya nyumbani hayaanikwi nje. Wewe uliyekuwa ukitufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, hutakosa la kumjibu. Usipokuja watafunga faili, Tologon hatajibu neno, na Burulai hatasikilizwa tena na mtu yeyote.

Liko jambo moja zaidi, na linaniuma kuliandika. Siku ile Burulai alisubiri nje ya ukumbi, kwa hiyo picha hakuiona. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza ni mzee gani wa ukoo wetu aliyekula kondoo kwa jina lake. Hata hakuwa akilia. Nikamwambia simjui. Sikuwahi kukukana maishani mwangu kabla ya hapo. Tangu siku ile anawataja wajomba na baba wadogo mmoja mmoja, akijiuliza ni yupi, na jina lako halijamjia hata mara moja.

Msalimie Mama, umwambie shali aliyonitumia naivaa. Wajukuu wanakubusu mikono. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mwanao,
Zuurakan