Siku ya Mungu mashine iko ku misa

Liège, Ubelgiji, siku ya kazi tatu

Papa yangu mupendwa,

Asinge, Papa. Asinge, Maman. Muko namna gani kwa nyumba? Tension ya Maman imeshuka, ao angali anaficha chumvi ndani ya kitambaa akifikiri hakuna mwenye kumuona? Na mugongo yako? Masasi ya bunduki haikutoboa toit ya nyumba? Courant ya umeme inafika? Mimi niko. Ninakula, ninalala, ni baridi tu njo inanisumbua mifupa. Nauliza mambo mingi mara moja sababu ni wiki tano sijasikia sauti yenu, na kila nikipiga simu inalia kidogo kisha inakatika.

Lakini najua muko wazima. Juzi, lundi, siku ya kazi moja, saa ine ya asubuhi, page ya centre yako ya maandiko ya zamani ilifunguka. Niliona liste, niliona tarehe pale chini, na niliona ule mustari wa mwisho wenye uliandika. Huo nitakujibu ku mwisho wa barua. Usiruke kurasa, Papa. Nakujua.

Mbele simu zikatike uliniuliza kazi yangu ni nini hasa ndani ya bibliothèque kubwa hivi, kama hata kitabu moja sikamate. Bon. Catalogue yetu haiko tena ndani ya tiroirs, zile sanduku za fiches za karatasi, kama yako, iko mu ordinateur. Mutu anatafuta jina la kitabu, na chini ya jina anaona mustari wa bleu. Akiufinya, unamupeleka moja kwa moja penye maandiko yenyewe iko, ikuwe Canada, ikuwe Bukavu. Tunauita lien. Shida yake, zinakufaka. Watu wanahamisha page zao, wanabadilisha adresse, hawaambie mutu. Musomaji anafinya, anakuta hakuna kitu. Basi mimi nazipitia moja moja. Yenye ilihama natafuta ilihamia wapi, na yenye imekufa kabisa natoa jina lake ku catalogue.

Sababu ni mingi sana, kuna programme moja, sisi tunaiita roboti, inazijaribu zote kila siku ya Mungu asubuhi, wakati bibliothèque imefungwa. Lien ikikataa siku ya Mungu tatu zenye kufuatana, inaingia ku liste ya kufutwa. Na mwaka jana, ku ile liste, nilikuta nani? Wewe! Zile cahiers zako, zenye walimu wa zamani waliandika na mukono, hadithi na desturi za Kalehe, za Sange, za Luberizi. Pembeni ya jina la centre roboti iliandika: imekufa.

Nilikasirika, Papa, unajua hasira yangu. Nilienda mbio kwa chef wangu, Madame moja wa nywele nyeupe mwenye hapendi kelele.

— Madame, hii haijakufa.

— Nsimire, ni siku ya Mungu tatu.

— Siku ya Mungu iko ku misa.

Alivua lunettes za macho. Nikamuelezea: page inakaa ndani ya ordinateur moja ya Bukavu, na mwenye kuwasha ile mashine ni baba yangu. Courant ya mji inakuja vile inataka, basi anawasha groupe, ile moteur yenye inatoa courant, na mafuta haitoshi siku nzima. Anaiwasha saa tatu, anaizima saa saba. Na siku ya Mungu hagusi kitu. Anavaa koti yake ya kijivu, anaenda ku misa ya kwanza, na ya pili pia kama chorale inaimba muzuri. Nikamuambia, roboti yenu haijue misa. Madame alicheka mpaka akashika meza. Tukapatana: ile lien nitaijaribu mimi mwenyewe kila lundi, saa ine. Ikikataa lundi tatu, itatoka kama zingine.

Sikukuambiaka hii maneno, nilikuwa naona haya. Kwa sababu tangu hapo ile lundi ilikuwa yangu na wewe. Nilikuwa nafinya, nangojea, inazunguka, inazunguka, kisha liste inafunguka pole pole toka juu, na mimi najisemea: bon, Papa ameamka, ameshuka muteremko, amewasha groupe, ameigombeza. Sikuwa nasoma kitu. Nilikuwa naangalia tu kama umefika ku kazi.

Na ile bibliothèque yako ya zamani ilikuwa inanirudilia. Unakumbuka siku za posho, kila mwisho wa wiki? Maman ananivalisha, tunashuka wawili, wewe mbele na funguo, mimi nyuma na sambaza zetu, samaki ndogo za kukaanga, ndani ya gazeti. Mafuta inatoboa gazeti, na wewe unanikataza kugusa fiche yoyote mbele ya kunawa. Ile harufu ya tiroirs, sijaikuta tena popote. Hapa vitabu haviko na harufu. Dirisha ilikuwa inaangalia ziwa, na ulikuwa unaniambia nikichoka kusoma niangalie maji, lakini nisiangalie sana sababu kazi ingali.

Nakumbuka zaidi ile kazi ya fantômes, mizuka ya vitabu. Kitabu kikitoka, penye kilikuwa tunaweka kipande ya mbao kutoka ku caisse za majani ya chai, na karatasi juu yake, mistari tatu: nini imetoka, iko kwa nani, itarudi lini. Nilikuwa na miaka tisa. Abbé mumoja, padri, alikamata kitabu kinene, akaniambia atakirudisha, na mimi nikaandika mistari mbili, ya tatu nikaiacha wazi. Wee! Nilifikiri utanipiga. Ulisema: "Nsimire, fantôme bila tarehe, iyo unakiambia kitabu kwaheri." Ukanituma nimukimbilie. Nilikimbia na sapato moja, ingine ilibaki ku ngazi, nikamukuta Abbé karibu na mulango wa inje, pumzi imeniishia, nikamuambia: Papa anasema tarehe! Alicheka, akasema Noeli. Na alikirudisha mbele ya Noeli. Ulinionyesha ile karatasi na kidole.

Sasa nikuelezee wiki tano. Lundi ya kwanza page haikufunguka. Nikasema, mafuta. Mangaribi radio ikasema mu Bukavu wanapigana, na watu wetu wa hapa wakaanza kuitana: umepata wako? umepata wako? Mimi sikumupata mutu. Siku ya kazi mbili nikajaribu, hapana. Siku zote za ile wiki nilijaribu, saa tatu, saa ine, saa tano, hapana. Lundi ya pili, hapana. Nilikuwa nakula sababu tu ni saa ya kula. Lundi ya tatu Madame alikuja mwenyewe mpaka ku meza yangu, akasimama, akasema polepole kwamba ni mara tatu.

Papa, ile bouton ya kufuta ni ndogo, hata kidole ya mutoto inaweza. Nilishindwa. Niliona nikiifuta ni mimi mwenyewe njo nimekuzika, huku nikikaa ku kiti na café pembeni. Nikamuomba Madame aniachilie nifanye kitu ya kwetu. Chini ya jina la centre, penye tunaandikaka maelezo, niliweka fantôme. Niliandika: Kwa sasa haifunguke. Iko Bukavu. Itarudi lundi. Madame alisoma, akauliza lundi gani. Nikaandika tarehe ya lundi yenye ilikuwa inafuata. Lundi ikafika, hapana, nikafuta tarehe na nikaweka ingine. Nililia ndani ya toilette, sikufichi. Nilijiona mimi ni muongo, ninabadilisha tu tarehe.

Kumbe njo vile nimewafanyia ninyi miaka sita.

Lundi ya tano, juzi hii, saa ine, nikafinya. Ikazunguka. Ikafunguka. Nilipiga kelele ndani ya bibliothèque, mimi! Watu wote wakanigeukia, na Madame mwenye hapendi kelele akaja, akavuta kiti, akakaa pembeni yangu. Nikaanza kumutafsiria. Kumbe cahiers zote zimetoka! Ulizigawa mbele wanyanganyi wafike, na kila moja uliiwekea fantôme mulemule ndani ya page. Cahier ya Kalehe: iko kwa mutu muzuri, itarudi Pasaka. Ya Luberizi: iko kwa mutu ninayemujua, itarudi wakiisha kuvuna muchele. Ya Sange: iko chini ya kitanda, sisemi ya nani, itarudi mwezi wa sita. Masasi inalia, na wewe unaandika tarehe! Tulicheka na Madame, machozi ingali inashuka.

Kisha nikafika ku mustari wa mwisho. Huo sikumutafsiria mara moja.

Nini imetoka: binti. Iko kwa nani: Wabeleji. Itarudi lini: na hapo uliacha wazi.

Wewe, Papa. Wewe mwenye ulinikimbiza na sapato moja. Mwaka wa kwanza ulikuwa unaniuliza ku simu nitarudi lini, nikasema mwaka kesho, kila mara mwaka kesho, masomo, makaratasi, vita, na siku moja ukaacha kuuliza. Nilifurahi ukiacha kuuliza. Unisamehe. Sikujua kwamba ulikuwa unaniambia kwaheri.

Musalimie Tonton Baguma fundi wa groupe, mumuambie asiifungue tena bila sababu. Musalimie Maman mukubwa wa Kalehe kama amefika kwenu, na shangazi Cibalonza mwenye alinisukaka nywele akinivuta masikio. Maman, nakubusu, na hiyo chumvi utaniwekea mimi.

Sasa jibu lako. Jana niliomba congé, likizo ya kazi, na Madame alitia signature mbele hata nimalize kueleza. Nitashukia Kigali na ndege, nitavuka ku daraja ya Ruzizi na miguu mpaka Bukavu. Washa groupe, Papa, kamata ile page na umalize mustari: itarudi mbele ya Noeli. Hii tarehe sitaibadilisha. Na siku ya Mungu yenye itafuata kufika kwangu, roboti itapita, itakuta mashine imezimwa, itaandika tena kwamba umekufa. Iandike tu. Mimi nitakuwa pembeni yako ku banc ya kanisa, tunangojea chorale.

Ni mimi mwenye alitoka,
Nsimire wenu