Kitabu cha Tatu Kwanza

Karatu, 2 Machi 1981

Mdogo wangu Piusi,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, ng'ombe wazima, hofu iko kwako tu huko wodi ya kifua kikuu. Sindano bado zinauma?

Nakutumia kitabu kwa lori la misheni. Ni hadithi ya Mapengo, mwizi aliyeiba kivuli cha mfalme akisaidiwa na punda anayeogopa mbuzi. Viko vitatu, ila wanafunzi wangu wameng'ang'ania cha kwanza na cha pili, nimepata hiki cha tatu tu. Usikifungue! Kiweke chini ya mto mpaka vingine vije. Nakujua kwa kiherehere.

Na usitoroke hospitali. Miezi yote uimalize.

Dada yako, Hyasinta

Endulen, 15 Machi 1981

Dada Hyasinta,

Shikamoo. Mimi sijambo, nimeongezeka kilo moja.

Nimekisoma. Ulitegemea nini kwa mtu anayelala kutwa? Nimecheka mpaka nikakohoa, nesi akanifokea. Namsomea mzee Ngoitiko wa kitanda cha jirani. Hajui kusoma, lakini kuuliza anajua: "Huyu punda katoka wapi?" Sijui, Mzee, nimeanzia mwisho.

Lakini Dada, Mapengo anakufa. Anaingia lango la ukungu ili wenzake wapite, anamvisha punda kofia yake, basi. Ngoitiko akasema, "Rudi nyuma, tutafute alipokosea." Leta cha pili.

Mdogo wako, Piusi

Endulen, 8 Aprili 1981

Dada,

Shikamoo. Cha pili kimefika. Samahani kwa penseli, wino umekwisha.

Safari hii sicheki. Kila Mapengo anapotania natamani kumziba mdomo. Kuna mahali ananunua ile kofia, anamwuliza punda kama imempendeza. Nilifunga kitabu.

Mzee Ngoitiko hakusikia hapo. Kitanda chake kimetandikwa upya tangu Jumapili. Manesi wanasema amekwenda nyumbani, lakini shuka yake nyekundu bado inaning'inia dirishani.

Cha kwanza, Dada. Haraka ukiweza.

Mdogo wako

Karatu, Pasaka, 19 Aprili 1981

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Hofu iko kwako, na leo si salamu tu. Wino haukuisha, Piusi. Mwandiko wako unatetemeka. Kilo ngapi sasa?

Ningekuja mwenyewe, ila mvua imekata barabara, na lori limekwama kwenye tope juu ya kreta siku ya tatu. Kitabu cha kwanza anakuletea Metui, mfugaji wa huko, anayerudi kwa miguu. Kikikufikia niandikie siku hiyo hiyo, hata mstari mmoja.

Dada yako

Karatu, 11 Mei 1981

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali. Walituita kwa redio ya misheni tarehe mbili, na lori lilipopita nilikuta wamekwisha kukuzika. Nesi alinipa blanketi lako na vitabu viwili. Cha kwanza sikukiona. Nikajua Metui hakuwahi, nikamlaani njia nzima.

Leo amebisha hodi. Alikuwa mnadani Loliondo na ng'ombe wake, hakujua lolote. Amenikabidhi kitabu na barua yako. Imekaa mezani tangu asubuhi, naiogopa. Sasa naifungua.

Dada yako

Endulen, 24 Aprili 1981

Dada Hyasinta,

Shikamoo. Leo sikufichi: nimepungua sana. Lakini uji wa asubuhi umekaa tumboni.

Metui amefika, tope mpaka magotini. Dada, Mapengo mzima! Kalala chini ya mkokoteni anakoroma, mfalme hamjui, kofia hana. Punda ndiyo kwanza anamkuta, anamlamba uso akidhani ni chumvi. Nimecheka na kifua hakikuuma. Najua yote yatakayompata, na bado nimefurahi kumwona. Waambie wanafunzi wako waanze na cha tatu.

Macho yanachoka, nimekunja ukurasa wa ishirini. Nakirudisha kwa Metui ili uje nacho, unisomee mwenyewe. Njoo barabara ikikauka. Mapengo ndiyo kwanza anaamka, sina haraka.

Mdogo wako, Piusi